Jinsi ya kutumia kitenzi cha Kiingereza “repel” bila kukichanganya na ndugu zake

Kiswahili kimekibebesha kitenzi “kufukuza” mzigo mkubwa. Askari anamfukuza mwizi anayetimua mbio mbele yake, mwalimu mkuu anamfukuza mwanafunzi shule, tajiri anamfukuza kibarua kazi, moshi unafukuza nyuki, na msomaji wa usiku ananawa uso ili kufukuza usingizi. Msikilizaji hapotei, kwa sababu maneno yanayokizunguka kitenzi humwonyesha njia. Kiingereza kazi hizo kimezigawa kwa vitenzi vingi, na kila kimoja kina mpaka wake. Anayeichukua “kufukuza” nzima nzima na kuitua juu ya neno moja la Kiingereza ataandika sentensi ambazo sarufi yake ni safi lakini maana yake imekwenda kombo.

Nimekichagua “repel” kiwe mhimili wa mwongozo huu kwa sababu mwanafunzi hukutana nacho kila upande. Kiko kwenye chupa ya dawa ya mbu, kiko kwenye sura ya sumaku katika kitabu cha fizikia, kiko kwenye habari za vita, kiko kwenye riwaya pale mtu anapomchukia mwenzake. Kila mahali kinavaa sura nyingine. Ukiandika kwenye daftari lako kwamba “repel” maana yake ni “kufukuza” na kuishia hapo, umejifunza nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayokuponza.

Hatua ya 1: Uliza kitu kilikuwa wapi kabla ya kufukuzwa

Kuna vitenzi vitatu ambavyo wanafunzi huvichanganya kuliko vyote: “repel”, “expel” na “dispel”. Ni ndugu wa damu. Vyote vimetokana na kitenzi cha Kilatini “pellere”, yaani kusukuma au kupiga kitu kiondoke kilipo. Tofauti iko mwanzoni mwa neno. Kiambishi “re-” kina maana ya kurudi nyuma, “ex-” ni kutoka nje, na “dis-” ni kutawanyika huku na huku.

Kwa hiyo kabla hujaandika, jiulize swali moja tu: kitu kinachofukuzwa kilikuwa wapi? Chukulia nyumba. Mtu mbaya anayezuiliwa mlangoni akarudi alikotoka, kitenzi chake ni “repel”. Aliyekwisha kuingia, akakaa, kisha akatolewa nje, huyo ni wa “expel”. Na giza lililotanda chumba kizima, taa ikiwashwa likatoweka, hilo ni la “dispel”. Halikutoka kwa mlango wala dirisha, limeyeyuka tu.

Historia inatupa mifano iliyo wazi. Mwaka 1896, huko Adwa, majeshi ya Ethiopia chini ya Mfalme Menelik II yaliwashinda Waitalia waliokuja kuivamia nchi. Kwa Kiingereza: “Ethiopia repelled the Italian invasion.” Mvamizi alikuja kutoka nje akarudishwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Hawa walikuwa ndani. Wengi walizaliwa humo. Kwa hiyo: “Idi Amin expelled Asians from Uganda.” Sasa jaribu kubadilishana vitenzi hivyo. Ukisema “Amin repelled the Asians”, umebadili historia yenyewe: umewageuza raia na wakazi kuwa wavamizi waliozuiliwa mpakani. Kosa la neno moja linaweza kuwadhulumu watu, ndiyo maana nasisitiza swali hili litangulie mengine yote.

“Dispel” kina tabia ya peke yake. Hakifukuzi watu wala wanyama. Kinafukuza vitu visivyoshikika: hofu, shaka, uvumi, dhana potofu, ukungu, giza. “The doctor dispelled her fears” ni sentensi nzuri kabisa, daktari amemwondolea hofu. Lakini “The police dispelled the crowd” haifai hata kidogo, ingawa kwa Kiswahili polisi “wametawanya umati”. Umati ni watu, na kitenzi chake ni “disperse”. Kosa hili nimeliona likiandikwa na watu wenye Kiingereza kizuri sana, kwa sababu maneno hayo mawili yanaanza sawa na maana zake zinapakana.

Ndugu wengine wa ukoo huo ni “propel”, kusukuma mbele. “Compel”, kumlazimisha mtu. Na “impel”, msukumo wa ndani unaomtuma mtu atende jambo. Cha kwanza tayari unakijua bila kujua kwamba unakijua: propela ya ndege au ya boti inabeba mzizi huohuo, nayo kazi yake ni kusukuma chombo mbele.

Hatua ya 2: Tambua ni maana ipi ya “repel” iliyo mbele yako

Ukishajua kwamba “repel” ni kurudisha kile kinachokuja, bado kuna kazi. Kitenzi hiki kina maana nne zinazotumika sana, na Kiswahili kinahitaji maneno tofauti kwa kila moja.

Ya kwanza ni ya vita na mapambano: kurudisha nyuma shambulio, uvamizi, adui. Maneno yanayoandamana nayo ni “attack”, “invasion”, “invaders”, “assault”. Mfano: “The soldiers repelled three attacks before dawn.” Kwa Kiswahili: Askari walirudisha nyuma mashambulio matatu kabla ya alfajiri. Usitafsiri “walifukuza mashambulio”. Kiswahili chenyewe kitakataa.

Ya pili ni ya vitu vya matumizi, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu kuna suala la afya ndani yake. Kitambaa kinaweza “repel water”, dawa inaweza “repel mosquitoes”. Katika matumizi haya “repel” maana yake ni kuzuia kitu kisikaribie au kisishike. Haimaanishi kuua. Dawa iliyoandikwa “insect repellent” ni dawa ya kufukuza wadudu. Iliyoandikwa “insecticide” ni dawa ya kuua wadudu. Hizi si chupa mbili za kitu kimoja. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET, kemikali iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946 na kuanza kutumiwa na raia mwaka 1957, hutengenezwa ili zipakwe kwenye ngozi au nguo kwa kufuata maelekezo ya kifungashio. Permethrin, kwa upande mwingine, ni sumu ya wadudu inayotiwa kwenye nguo na vyandarua, wala haipakwi kwenye ngozi kama kinga ya mbu. Mtu anayesoma kibandiko kwa haraka, akaona neno lenye “insect” na kuridhika, anaweza kujipaka kisichopakwa. Kwa hiyo tafuta neno “repellent” kwanza, halafu soma sentensi inayosema dawa ipakwe wapi.

Na nguo je? “Water-repellent” na “waterproof” hazilingani. Koti la “water-repellent” hufanya matone ya mvua yajikusanye juu yake na kuteleza, lakini mvua ikizidi maji yatapenya. La “waterproof” limetengenezwa maji yasipite kabisa. Muuzaji anayejua Kiingereza hakudanganyi akikuuzia koti la “water-repellent” nawe ukalowa kwenye mvua ya masaa; neno lenyewe halikuahidi zaidi ya hapo.

Ya tatu ni ya fizikia. Ncha za sumaku zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana: “Like poles repel, unlike poles attract.” Chaji za umeme nazo ni hivyohivyo. Mwaka 1785 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alichapisha kanuni inayoeleza ukubwa wa nguvu hiyo: umbali kati ya chaji mbili ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo ya ilivyokuwa. Hapa “repel” haina hasira, haina adui, haina anayekuja wala anayerudishwa. Tafsiri yake ni “kusukumana”, au “kusukuma” ikiwa unazungumzia upande mmoja. Zingatia pia kwamba kinyume chake ni “attract”. Ukivijifunza pamoja kama jozi, vyote viwili vitakaa kichwani.

Ya nne ni ya moyo, nayo ndiyo inayowapoteza wasomaji wa riwaya. “His cruelty repelled her.” Hapana, ukatili wake haukumfukuza kwa fimbo. Ulimchukiza, ulimtia kinyaa, ulimfanya asitake hata kukaa naye karibu. Wazo la kurudishwa nyuma bado lipo, ila sasa kinachorudi nyuma ni nafsi ya mtu. Harufu, tabia, maneno, sura, wazo: vyote vinaweza “kurepel” mtu, tukisema kwa lugha ya darasani. Kwa Kiswahili chagua kati ya kuchukiza, kuchefua na kutia kinyaa kulingana na uzito. Harufu ya mzoga inachefua, unafiki unachukiza.

Utajuaje ni maana ipi? Tazama kiima (kinachotenda) na yambwa (kinachotendewa). Kiima kikiwa jeshi na yambwa ikiwa shambulio, ni vita. Yambwa ikiwa maji, vumbi au wadudu, ni kinga. Vitu viwili vya aina moja bila yambwa, ni fizikia. Kiima kikiwa tabia au harufu na yambwa ikiwa mtu, ni kinyaa. Pagumu ni pale ambapo pande zote mbili ni watu. “She repelled him” inaweza kuwa alimtia kinyaa, na inaweza kuwa alimsukuma akarudi. Hapo sentensi moja haitoshi. Soma aya nzima kabla ya kutafsiri.

Hatua ya 3: Jenga sentensi kwa sarufi ya Kiingereza

Kosa kubwa kuliko yote linatokana na uzuri wa Kiswahili chenyewe. Sisi husema “amefukuzwa shule”, “wamefukuzwa kazi”, na mahali pa kufukuzwa hufuata kitenzi moja kwa moja. Kiingereza hakiruhusu hivyo. “He was expelled school” ni kosa, lazima kihusishi “from” kiwepo: “He was expelled from school.” Hivyohivyo kwa chama, nchi, klabu. Mwaka 1939 Umoja wa Mataifa wa zamani, uliotangulia huu wa leo, uliutoa uanachamani Muungano wa Kisovyeti baada ya kuishambulia Finland: “The Soviet Union was expelled from the League of Nations.” Kiandike “from” mara mia hadi mkono ukizoee.

“Repel” chenyewe mara nyingi hakihitaji “from”. “The attackers were repelled” inajitosheleza, kwa sababu kurudi nyuma kumo ndani ya kitenzi.

Katika kauli ya kutendwa, anayetenda huletwa na “by”, na hapa Kiswahili kinatusaidia kwa “na”. Nilichukizwa na maneno yake: “I was repelled by his words.” Usiache “was”. “I repelled by his words” haina maana, na “I repelled his words” ina maana nyingine, kwamba wewe ndiye uliyeyakataa na kuyarudisha.

Kwa sumaku na chaji una njia mbili. Unaweza kuacha yambwa, “The two magnets repel”, au kuweka “each other”: “The two magnets repel each other.” Kile kiambishi chetu cha “-ana” katika “kusukumana” ndicho “each other”. Mwandishi wa Kiswahili asipokiona kwenye Kiingereza hudhani sentensi imepungukiwa, lakini katika fizikia zote mbili ni sahihi.

Jambo dogo la wakati: maana ya kinyaa haipendi umbo la “-ing”. Sema “His manners repel me”, si “are repelling me”. Hisia hiyo ni hali, si kazi inayoendelea. Kwa vita hakuna shida: “They are repelling the attack” ni sawa.

Hatua ya 4: Andika na tamka sawasawa

Kitenzi kikiwa peke yake kina “l” moja: “repel”, “expel”, “dispel”. Wengi huandika “dispell” au “expell” kwa kuliiga neno “spell”, ambalo halina udugu nao. Ukiongeza “-s”, bado “l” ni moja: “repels”. Ukiongeza “-ed”, “-ing” au “-ent”, “l” inakuwa mbili: “repelled”, “repelling”, “repellent”. Kanuni nyuma yake ni kwamba silabi ya mwisho ya kitenzi ina mkazo, na inaishia kwa irabu moja na konsonanti moja. Ndivyo ilivyo pia kwa “control” na “controlled”, “begin” na “beginning”. Kwa “visit”, ambacho mkazo wake uko mwanzoni, konsonanti hairudiwi: “visited”.

Huenda umesikia kwamba Wamarekani huandika “traveled” kwa “l” moja na Waingereza “travelled” kwa mbili. Ni kweli, lakini tofauti hiyo haimgusi “repel”. Pande zote mbili za bahari huandika “repelled”. Kuhusu “repellent”, utakutana pia na “repellant”. Kamusi zinalikubali, ila la “-ent” ndilo la kawaida, nami nakushauri ulishike hilo.

Matamshi yanataka juhudi kidogo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unavutwa kusema RI-pel. Mkazo sahihi uko mwishoni: ri-PEL, iks-PEL, dis-PEL. “Repelled” ni silabi mbili tu, ri-PELD. Usiongeze ya tatu ukasema ri-pe-led. “Repellent” haina tabu kwetu, kwa kuwa mkazo unaangukia katikati, mahali ambapo sisi tungeuweka hata bila kufundishwa: ri-PE-lent.

Hatua ya 5: Pata nomino na vivumishi vyake

Hapa mzizi unabadilika sura. “Repel” hakizai nomino kwa kuongeza kiishio tu. “Pel” inageuka “puls”: “repulsion”, “expulsion”, “compulsion”, “propulsion”. Umbo hilo linatoka “pulsus”, lililokuwa umbo la kutendwa la kitenzi kilekile cha Kilatini. Neno “pulse”, yaani mapigo ya moyo yanayosikika kwenye kifundo cha mkono, ni la ukoo huo pia: damu inasukumwa. “Dispel” hakina nomino ya kawaida ya namna hiyo. Ukihitaji nomino, geuza sentensi ubaki na kitenzi.

“Repulsion” ina maana mbili: nguvu ya kusukumana katika fizikia, na hisia ya kinyaa. Jirani yake “revulsion” ni hisia peke yake, tena kali. Ukiandika kuhusu sumaku ukatumia “revulsion”, umezipa sumaku moyo.

Vivumishi viwili vinahitaji uangalifu. “Repellent” kikiwa kivumishi kinaweza kusifia koti lisiloshika maji, na kinaweza kueleza kitu cha kuchukiza. “Repulsive” kwa lugha ya kila siku ni cha kuchukiza mno, ingawa wanafizikia husema “repulsive force” kwa nguvu ya kusukumana bila ubaya wowote. Usimwite mtu “repulsive” ukidhani umesema ni mkali au haruhusu watu kumkaribia. Umemwambia anatia kinyaa, na ni tusi zito.

Kuna pia kitenzi “repulse”. Maana yake ya msingi ni ileile ya vita, kumrudisha adui nyuma, na ndiyo sababu jeshi la majini la Uingereza liliwahi kuziita manowari zake Repulse. Moja kati ya hizo ilizamishwa na ndege za Japani tarehe 10 Desemba 1941 karibu na pwani ya nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo. Anayelijua neno hilo kwa maana ya kinyaa tu hawezi kuelewa kwa nini meli ya kivita ipewe jina kama hilo. Siku hizi watu wengi husema “I was repulsed by it” kwa maana ya kuchukizwa. Wapo wanaopendelea “repelled” hapo, na nikiandika maandishi rasmi mimi huchagua “repelled”, lakini siwezi kuiita “repulsed” kosa.

Hatua ya 6: Jihadhari na maneno yanayofanana kwa sura

“Repeal” ni kufuta sheria. Herufi moja tu inalitenga na “repel”, na programu ya kusahihisha tahajia haitakusaidia kwa sababu yote mawili yapo kwenye Kiingereza. Mwaka 1933 Marekani ilifuta marufuku ya pombe iliyokuwa ndani ya katiba yake: “Prohibition was repealed in 1933.” Bunge linafuta sheria, haliirudishi nyuma kama adui. Matamshi nayo yanatofautiana: “repeal” ina sauti ndefu ya i mwishoni, ri-PIIL.

“Rappel” ni kushuka mwamba au ukuta kwa kamba, neno lililotoka Kifaransa. Utaliona kwenye habari za wapanda milima na makomando. Watu wenye lugha yao hulikosea pia wakaandika “repel”, kwa hiyo ukisoma kwamba askari “repelled down the cliff”, ujue mwandishi ndiye aliyeteleza, si wewe.

Hatua ya 7: Pima kama “repel” ni rasmi mno

“Repel” ni neno la maandishi, la maabara na la kibandiko. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hasemi “I want to repel these flies.” Husema “keep the flies away”, “chase them away” au “shoo them away”. Vitenzi hivi vya maneno mawili ndivyo vilivyo hai mdomoni, na mwanafunzi asivikimbie kwa kuwa anaviona vyepesi.

“Chase” kinahitaji onyo. Peke yake ni kukimbiza ili kukamata: “The police chased the thief.” Ukiongeza “away”, kinakuwa kufukuza aende zake: “The farmer chased the monkeys away.” Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kusema “I was chased from work” tukimaanisha kufukuzwa kazi. Tunaelewana, lakini msikilizaji wa mbali atapata picha ya mtu anayekimbizwa kutoka ofisini hadi barabarani.

“Drive away” nacho kina pande mbili. “She drove away” ni aliondoka kwa gari. “She drove her friends away” inaweza kuwa aliwachukua marafiki zake kwa gari, au kwamba tabia yake iliwafanya wamkimbie. Muktadha ndio utakaoamua. Maana hii ya kuwafanya watu waondoke taratibu, bila mtu kuwafokea, ni nzuri sana na “repel” haiwezi kuibeba vizuri: “Bad service drives customers away.”

Kwa vitenzi hivi vyote, kiwakilishi hukaa katikati. “Drive them away”, “scare it away”. Nomino inaweza kukaa popote kati ya nafasi mbili, “scare the birds away” au “scare away the birds”, lakini “scare away them” haikubaliki.

Hatua ya 8: Mwachie kila mwenye kazi kazi yake

Kuna mazingira ambayo si “repel” wala “expel”. Mpangaji anayetolewa nyumbani: “evict”. Mfanyakazi: “dismiss” kwa lugha rasmi, “fire” au “sack” kwa lugha ya kawaida. Mgeni anayerudishwa kwao kwa amri ya serikali: “deport”. Kiongozi anayeng’olewa madarakani: “oust”. Mchezaji aliyepewa kadi nyekundu: “send off”. Mwanafunzi aliyesimamishwa masomo kwa muda: “suspend”, lakini “expel” ni kwa aliyefukuzwa moja kwa moja, na ukivichanganya hivi viwili kwenye barua ya maombi ya chuo unaweza kujiharibia.

“Exile” na “banish” vinatofautiana na “expel” kwa kihusishi. “Expel” hutazama mahali mtu anapotolewa, “from”. “Exile” huweza kutazama mahali anapopelekwa, “to”. Kabaka Mutesa II wa Buganda aliondolewa nchini na gavana wa Kiingereza mwaka 1953, akarudi mwaka 1955. Unaweza kuandika “He was exiled to Britain.” Huwezi kuandika “He was expelled Britain”, wala “expelled from Britain”, ambayo ingemaanisha ni Uingereza iliyomtoa kwake.

Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu yaliyo chini, tafsiri sentensi hizi kwa Kiingereza, kisha linganisha.

1. Mapafu hutoa hewa chafu nje.
2. Mafuta haya hufukuza mbu.
3. Waziri aliondoa uvumi kwamba shule zitafungwa.
4. Mlango ule ulilindwa na watu wachache, lakini waliwarudisha nyuma washambuliaji.
5. Majivuno yake yalinichukiza.
6. Polisi waliutawanya umati.
7. Elektroni mbili husukumana.

Ya kwanza ni “The lungs expel waste air”. Hewa ilikuwa ndani. Ya pili, “This oil repels mosquitoes”, na kwa mazungumzo “keeps mosquitoes away” inapendeza zaidi. Ya tatu, “The minister dispelled rumours that schools would close.” Ya nne, “Only a few people guarded that gate, but they repelled the attackers.” Ya tano, “His arrogance repelled me”, au “I was repelled by his arrogance.” Ya sita ni “The police dispersed the crowd”; kama uliandika “dispelled”, rudi hatua ya 1. Ya saba, “Two electrons repel each other”, na ukiacha “each other” bado umepata alama zote.